Bolti Moja Kati ya Mutuini na Muthangari

Wenzangu wa maombi ya Jumatano, mliniona asubuhi ile ya Jumamosi nikitoka na mama yangu kwenye kiti cha mbele, amezungushiwa mito kama mayai ya kuuza. Mkaniona tena magharibi nikirudi peke yangu, suti imejaa grisi, sitaki kusemezwa. Tangu hapo wengine mmeuliza kwa heshima na wengine bila heshima: kulikuwa na nini? Kutoka kwangu hadi Muthangari ni mwendo wa saa moja kwa gari, hata foleni ikiwa mbaya. Mimi ulinichukua siku nzima, na nikihesabu kwa haki ulinichukua miaka minane. Basi nimeandika mara moja, ili nisiulizwe tena.

Kutoka Mutuini

Mama alikuwa amekaa kwangu mwezi mmoja. Tulimleta kutoka Kitui kutibiwa, na mwisho daktari akanivuta kando, akaniambia nimrudishe nyumbani akae mahali anapopapenda. Nilimwelewa. Mama naye alielewa bila kuambiwa, kwa maana hakuuliza tena habari ya dawa. Nikapanga tuondoke Jumapili baada ya ibada. Ijumaa, nikimlisha uji ambao hakuumaliza, alishika mkono wangu.

"Kimeu," akasema, "sitoki Nairobi kabla sijakula na wanangu wawili. Meza moja."

Wanawe wawili ni mimi na kaka yangu mkubwa, Mwanzia. Yeye ni fundi wa magari, anaishi Muthangari katika nyumba ndogo nyuma ya uwanja anaofanyia kazi. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka minane. Nilimwambia asikanyage kwangu, naye si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Kila Krismasi, kule Kitui, yeye alifika tarehe ishirini na nne akaondoka, mimi nikafika ishirini na sita. Mama alichinja kuku mara mbili kila mwaka na hakulalamika.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnajua nilikuwa mtunza ghala wa serikali hadi nilipostaafu. Mtunza ghala hulipwa kwa kutoamini watu, na mimi nilikuwa mtumishi hodari. Niliponunua gari hili nilifanya kama kila mtu wa Nairobi: nikaenda Kirinyaga Road nikachorewa nambari ya gari kwenye vioo na taa, ili mwizi asione faida. Kisha nikazidisha. Nikamlaza mchoraji chini ya gari akachora nambari hata kwenye mikono ya chini, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika magurudumu ya mbele, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba fundi akiachwa peke yake na gari lako hutoa chuma kizima akakuwekea kilichochoka. Wenzangu wengi huenda gereji na kiti chao, wakakaa siku nzima wakimtazama fundi. Mimi pia.

Siku moja tu sikukaa. Mwanzia alikuwa akinitengenezea miguu ya mbele ya gari, nikasema huyu ni ndugu yangu, nikaenda zangu. Niliporudi niliinama na tochi kutafuta nambari yangu kwenye mkono wa kushoto. Haikuwepo. Chuma kilikuwa cheusi tititi, hakina hata mkwaruzo. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Nikaongeza na methali: "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwanzia alifuta mikono kwa kitambaa, akanipa funguo, akaingia ndani.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilikuwa na mpango wangu. Ningemfikisha Mama mlangoni kwa Mwanzia, nimsaidie kushuka, kisha nijikalie ndani ya gari hadi wamalize. Mama alibeba mapajani hotpoti ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, imefungwa kwa leso. Sikumwambia mpango huo, lakini mama ni mama.

Lavington

Tulipopita Kawangware nilisikia ko, ko, ko, chini ya miguu yangu. Nikasema ni barabara. Tulipoingia Lavington barabara ikawa nzuri, na ule mlio ukabaki. Mama akaniambia, "Gari lako linabisha hodi." Nikamwambia ni kelele za kawaida za gari lenye umri. Kwenye bampu ya tatu kilipasuka kitu, usukani ukavuta kushoto, na tairi likaanza kusugua. Nikaliburuta gari hadi pembeni, mbele ya geti jeusi refu.

Kabla sijafungua mlango askari wa geti alishatoka. Alitutazama, akaitazama mito.

"Mzee, hapa hatuachiwi wagonjwa," akasema.

"Nani anaacha mgonjwa?"

"Mwaka jana mtu aliacha shosho mzee hapo hapo umesimama. Akasema anaenda kununua maji. Mpaka wa leo ananunua hiyo maji. Na mimi ndio niliulizwa."

Nilikasirika nikataka kumjibu vibaya, lakini Mama alishusha kioo, akamwamkia kwa Kikamba na kumuuliza kwao ni wapi. Yule askari akavua kofia. Jina lake Musyoka, wa Mwingi. Tangu hapo akawa anamwita Mwaitu, mama yetu, na mimi akaendelea kuniita mzee kwa sauti ya kunivumilia tu. Alileta mwavuli mkubwa wa bustani akaufungulia juu ya dirisha, na baadaye akatoka jikoni mwa matajiri wake na kikombe cha uji, ambao Mama aliunywa hadi nusu.

Nikamwambia Mama, "Acha niite teksi ikupeleke. Muthangari ni hapo tu."

"Wewe utakuja nayo?"

"Mimi nitabaki na gari."

"Basi na mimi nabaki na gari," akasema, akafumba macho. "Nilisema wawili."

Niliinama dirishani. Alikuwa anapumua kwa shida, midomo imemkauka, na alikuwa amenishika mahali ambapo siwezi kujinasua. Nilijua akirudi Mutuini bila kumaliza jambo lake hatatoka tena. Nilimpenda sana saa ile, na nilimkasirikia sana.

Musyoka alimpigia simu fundi wa Kawangware anayeitwa Karis, kijana wa miaka thelathini na kitu, akaja kwa pikipiki na mtungi mdogo wa gesi mgongoni. Alinisalimia, "Niaje mzee," akateleza chini ya gari. Hakukaa sana huko.

"Bushi imekufa," akasema. Bushi ni ile raba iliyo ndani ya pete ya chuma, mahali mkono wa chini unaposhikana na mwili wa gari. "Raba imeisha yote, mkono unajichezea tu. Tukitoa hii bolti moja, kazi imeisha. Nusu saa, mzee wangu."

Bolti haikutoka kwa nusu saa. Alimwaga mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akaweka spana na bomba refu, akavuta. Bolti ikazunguka kidogo, ikarudi ilikotoka. Akavuta tena, ikarudi tena.

"Imeshikana na chuma ya bushi," akasema. "Nikizungusha, inapinda raba, nikiachilia inarudi. Lakini hata nati haitaki kuachana na bolti. Hii kutu ni ya aina gani? Mimi sijawahi ona."

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sikumwambia Karis. Haikuwa kutu peke yake. Baada ya kugombana na kaka yangu nilienda kwa mchomeleaji wa vyuma pale Dagoretti, nikamwambia ashikanishe nati na bolti kwa tone la moto, pande zote mbili za gari, kisha apake lami juu, ili fundi mwingine asiweze kunitolea mkono wangu. Mchomeleaji aliniuliza, "Na siku ukitaka kutoa wewe?" Nikamwambia siku hiyo haitafika. Yote hayo niliyakumbuka nikiwa nimesimama kando ya miguu ya Karis, na nilifunga mdomo. Kusema nimechomelea ni kusema kwa nini, na kusema kwa nini ni kumtaja mwizi niliyekuwa namwogopa, na dirisha la Mama lilikuwa wazi hatua moja kutoka hapo. Nikajiambia tone lenyewe lilikuwa dogo, moto utaliachisha.

Karis akawasha gesi. Bolti ikawa nyekundu, raba ikashika moto, moshi mweusi ukapanda juu ya ukuta. Musyoka akaja mbio, simu sikioni.

"Mwenye nyumba anauliza ni maandamano?" akasema. "Amesikia harufu ya tairi. Anataka kujua kama afunge watoto ndani."

"Mwambie ni bushi," nikasema.

"Nimemwambia. Ameuliza bushi wanaandamania nini."

Mama alicheka, kisha kikohozi kikamshika, kikakaa naye muda mrefu. Nilimshikilia mabega hadi kikapita. Leso niliyompangusia midomo niliikunja haraka nisiitazame. Karis alizima gesi bila kuambiwa. Bolti ilikuwa bado pale pale.

"Sasa raba imeungua, lazima upate bushi mpya na bolti mpya," akaniambia. "Wewe enda tao ununue. Mimi nitatafuta grainda nikate."

Yaani nimwache fundi nisiyemjua, peke yake, na gari langu. Nilimvuta Musyoka kando nikamwomba amwangalie. Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Mzee, mamako yuko ndani ya hiyo gari," akasema. "Na wewe unaogopea vyuma?"

Kirinyaga Road

Boda ilinishusha mzunguko wa Globe, nikaingia Kirinyaga Road kwa miguu. Mtaa huo unaujua kwa harufu kabla ya kuuona: grisi, raba mpya na mahindi ya kuchoma. Kila mlango umening'inizwa vyuma hadi dari. Vijana walinivuta kushoto na kulia, kila mmoja akiwa na bushi ya gari langu kabla sijalitaja gari lenyewe. Niliwakatalia wote, kwa desturi yangu, nikaingia duka la mama mmoja mnene aliyekuwa akila githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kaunta.

Nilimweleza. Akaacha kijiko, akatoa bushi moja na bolti moja. Niliibonyeza bushi, nikainusa, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nikamuuliza kama ni ya kweli. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Nikasema sina ile ya zamani ya kulinganisha, kwa hiyo nitajuaje?

"Baba, keti," akasema. Akanisogezea kiti cha plastiki. "Umekula?"

Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Alinipakulia githeri kwenye kifuniko cha sufuria yake, na sijui ni kwa nini, lakini nikiwa na kijiko kinywani nilianza kulia. Mtu mzima mwenye suti, katikati ya vyuma. Nikamwambia mama yangu yuko ndani ya gari Lavington, na kwamba hana siku nyingi.

Yule mama hakunipa pole nyingi. Alifunga bushi na bolti kwenye gazeti, akaniwekea mkononi.

"Enda nayo. Isipotosha, rudisha, nitakupatia ingine. Hata jina lako sitaki."

"Na nikikurudishia iliyochoka, nikasema ndiyo uliyonipa?"

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Sasa hiyo si itakuwa shida yako, baba? Mimi nitakuwa nimelala."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimelishika lile gazeti kifuani, nikilifikiria jibu lake. Foleni ilitubana Museum Hill, boda ikapenya, ikabanwa tena. Mara mbili nilitazama simu nikitarajia Musyoka awe amepiga kusema Mama amezidiwa. Hakuwa amepiga, na hilo pia liliniogopesha.

Lavington tena

Niliporudi ilikuwa saa nane imepita. Karis alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mikono mitupu, kama mwanafunzi aliyetolewa mbele ya darasa. Chini ya gari kulikuwa na miguu ya mtu mwingine. Suruali ilikuwa imepigwa pasi, na viatu vilikuwa vya kanisani, vyeusi, vimeng'arishwa. Kando yake kulikuwa na sanduku jekundu la bati lililofungwa kwa kamba. Sanduku hilo lilikuwa la marehemu baba yetu.

"Mwaitu aliniambia nimpigie fundi mzuri," Musyoka akaninong'oneza. "Namba alinitajia kwa kichwa."

Mwanzia, aliyepigiwa simu na Mama tangu Ijumaa, alikuwa amevaa akimngoja kwa chakula cha mchana, na alikuja hivyo hivyo alivyokuwa. Nilisimama. Sikujua kama ni mimi nianze au yeye. Alianza yeye, bila kutoka chini ya gari.

"Nani alichomelea hii bolti?"

Hilo ndilo neno la kwanza kaka yangu aliloniambia baada ya miaka minane. Nikapiga magoti karibu na gurudumu.

"Mimi," nikasema, sauti chini.

"Lini?"

"Baada ya ile siku."

Aliweka nyundo chini. Sauti ya Mama ikatoka dirishani juu yetu, nyembamba: "Amechomelea nini?"

"Hakuna kitu, Mwaitu," Mwanzia akajibu. "Ni kutu tu. Mutuini mvua ni nyingi."

Sikutarajia hilo. Angeweza kunianika pale pale mbele ya fundi, askari na mama yetu, kama nilivyomwanika yeye, na ingekuwa haki yake. Aliomba tu nimpe tindo ndogo.

Alikwaruza lami, akaweka ncha ya tindo kwenye lile tone, akagonga polepole hadi likaachia. Nati ikatoka. Bolti bado ilikuwa imeng'ang'ana na bushi, lakini hakuitukana wala kuichoma. Alirudisha nati mwanzoni mwa nyuzi ili nyundo isizivuruge, akaweka mafuta, akaizungusha robo mbele, robo nyuma, akagonga, akaweka mafuta tena. Robo mbele, robo nyuma. Karis alisogea akaanza kumpa spana kabla hajaziomba.

"Mzee, si ungesema tu asubuhi?" Karis alinilaumu. "Nimechoma gesi yangu bure."

Ilikuwa karibu saa tisa na nusu bolti ilipotoka, nyekundu kwa kutu, imenyooka. Mwanzia aliufungua mkono wote wa chini akautoa nje, akaketi kwenye sanduku, akaanza kuisukuma ile bushi iliyoungua kwa bolti ndefu na vipande vya bomba. Kisha akanipa mkono wenyewe na brashi ya waya.

"Sugua," akasema. "Bushi mpya haiingii kwa uchafu."

Nikavua koti nikasugua. Matope yalitoka, kisha lami ya yule mchomeleaji wangu, kisha rangi nyeusi, ngumu, iliyopakwa kwa uangalifu na mtu aliyetaka chuma kisile kutu. Chini ya rangi ile brashi ikakwaruza kitu. Nikasugua tena. Ikatokea herufi ya kwanza, ikatokea ya pili, zikafuata tarakimu. Ilikuwa nambari ya gari langu, kwa mwandiko ule ule wa mchoraji wa Kirinyaga Road.

Mkono haukuwa umewahi kubadilishwa. Mwanzia alikuwa ameusafisha na kuupaka rangi ili unidumu, kwa kuwa ni mimi, na rangi ikafunika nambari. Nilichokichomelea kwa hofu ya mwizi ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Miaka yote minane kilikuwa chini ya miguu yangu, nakiendesha kwenda kanisani.

Nilitazama juu. Mwanzia alikuwa ananitazama, naye hakushangaa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia nisugue?"

"Ungesema nimechora mwenyewe usiku," akajibu.

Ni kweli, ningesema. Mtunza ghala yule angesema hivyo hivyo. Nilisimama na kile chuma mikononi nikaenda dirishani kwa Mama. Kaka alikuwa amenifichia aibu, lakini sikutaka tena kufichiwa.

"Mwaitu," nikasema, "nilimwita Mwanzia mwizi mbele za watu. Nilisema ameniibia hiki chuma. Hiki hapa. Hakuiba."

Mama alikitazama kile chuma kichafu kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

"Nimepika Krismasi mara mbili kila mwaka, miaka minane," akasema. "Unafikiri sikujua mlichogombania? Nilikuwa nangoja mmoja wenu achoke." Akashika hotpoti mapajani. "Malizeni. Chakula kinapoa."

Nikarudi kwa Mwanzia. Nilimwambia nisamehe, kaka. Nililisema neno lenyewe, bila kulizungushia maneno mengine. Yeye alikuwa ameelekeza bushi kwenye tundu lake.

"Shika hapo," akasema. "Kaza mikono."

Nikashika. Tukaiingiza pamoja.

Mkono uliporudi mahali pake na bolti mpya kupita, alifunga nati kwa vidole tu, akashusha jeki. Nikamuuliza mbona hakazi. Akafungua mlango wa dereva, akaniashiria.

"Ingia, keti na Mama. Bushi haikazwi gari likiwa limening'inia. Ukiikaza hivyo, likishuka chini raba inajipinda na kukatika. Lazima gari lisimame kwa uzito wake kwanza, na watu wake ndani."

Nikaingia. Mama alitafuta mkono wangu akaushika, grisi na yote. Chini yetu tukahisi gari likitikisika kidogo, mara tatu, Mwanzia alipokuwa akikaza. Musyoka alikunja mwavuli. Karis alipewa pole yake na pesa ya gesi yake, na akaomba namba ya simu ya Mwanzia. Yangu hakuitaka.

Muthangari

Mwanzia alikaa kiti cha nyuma na sanduku la Baba mapajani. Dakika kumi, na tukafika. Nilizima gari, na sikubaki ndani yake.

Meza ilikuwa imetandikwa tangu saa sita, sahani tatu zimefunikwa. Mama hakuweza kutembea, kwa hiyo tulimwingiza ndani mimi na kaka, kila mmoja upande wake, mikono yetu imeshikana chini ya mapaja yake. Alikuwa mwepesi mno. Alituagiza tunawe kwanza. Nikachukua birika nikammiminia Mwanzia maji, kama mdogo anavyommiminia mkubwa, kisha akalichukua birika akanimiminia mimi, jambo ambalo si desturi. Grisi haikutoka kwa maji yale. Tulikula na kucha nyeusi.

Muthokoi ulikuwa umepoa. Mama alikula vijiko vitatu, yeye ambaye wiki nzima alikuwa anaishi kwa uji usioisha. Hakutuhubiria. Alitutazama tukila, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kukuta wote wamerudi. Alipochoka alisema anataka kulala hapo kwa mkubwa wake, na ndiyo sababu mliniona nikirudi Mutuini peke yangu.

Kesho yake tulimpeleka Kitui, Mwanzia akiwa nyuma akimshikilia kichwa. Aliishi siku kumi na moja. Wengi wenu mlikuwepo kwenye mazishi, mkatuona tumesimama upande mmoja wa kaburi, na huenda hapo ndipo maswali yenu yalipozidi.

Limebaki hili tu. Siku ile, kabla sijaondoka Muthangari, Mwanzia aliniambia nirudi baada ya kutembea na gari kidogo, aikague ile nati, maana bushi mpya hukaa kitako ndipo ikazwe tena. Juzi Jumamosi nilienda. Nilimpa funguo, nikaingia ndani kwake nikaketi, nikanywa chai. Tochi niliiacha nyumbani. Baada ya muda alikuja akifuta mikono kwa kitambaa.

"Iko sawa," akasema. "Haijalegea hata kidogo. Hakuna haja urudi."

"Jumamosi ijayo nitakuja tena uiangalie," nikamwambia.

Alikunja kile kitambaa mara mbili.

"Basi uje saa sita," akasema. "Nitapika mara moja tu."